Tubishane na Kifaa Kabla Hakijatengenezwa

Katika nyumba nyingi za Magomeni, Dar es Salaam, zile za vyumba vilivyopangwa pande mbili za ukumbi, na choo na jiko uani, mita ya LUKU ni moja na wapangaji ni wengi. Umeme ukikatika kwa kuisha uniti usiku, sehemu rahisi ya kazi ni ile ya mashine: mmoja ananunua kwa simu, anapokea namba ya tarakimu 20, mwingine anamulika kwa tochi, wa tatu anabonyeza. Sehemu ngumu ni ile ambayo mita haiijui kabisa. Nani achange kiasi gani? Mwenye friji alipe sawa na mwenye taa moja na chaja ya simu? Anayepiga pasi kila asubuhi je? Aliyekuwa msibani Tanga wiki mbili ahesabiwe? Mfumo huu wa kulipa umeme kadri unavyoutumia, ulioingia nchini miaka ya 1990, ulilitatua vizuri tatizo la shirika la umeme, yaani bili zisizolipwa, na kwa familia inayoishi peke yake ulikuwa nafuu kubwa. Lakini ndani ya mita, pamoja na nyaya, kuna dhana: kwamba nyumba ni kaya moja na kaya ina mlipaji mmoja. Wapangaji wa Magomeni walikutana na dhana hiyo ikiwa tayari imepigiliwa ukutani. Wakabaki na kazi ya kuirekebisha wenyewe, kila mwezi, kwa daftari, kwa kusameheana na mara nyingi kwa kununiana.

Hoja yangu ni kwamba jiji kama Dar es Salaam linahitaji sana vifaa vya dhana, yaani vifaa vya wakati ujao vinavyochorwa, kuchongwa au kuigizwa kabla teknolojia yake haijakamilika, na pengine bila nia yoyote ya kuviuza. Wasanifu wa mahusiano ya mtu na mashine, wale ambao kazi yao ni kuamua kitufe kikae wapi, sauti iseme nini na mtu akikosea arudi vipi, wamekuwa wakivitengeneza kwa zaidi ya nusu karne. Wengi wetu huviona kwenye video za makampuni makubwa na kuviweka fungu moja na filamu za kubuni, na hapo ndipo tunapokosea. Kifaa cha dhana ni madai kuhusu maisha yaliyopewa umbo linaloshikika. Kinasema mtu ni nani, anaishi na nani, pesa zake anamwamini nani, ana haraka kiasi gani. Na kwa kuwa bado hakijatengenezwa, madai hayo yanaweza kukataliwa kwa gharama ndogo. Kikishatengenezwa, kikanunuliwa kwa zabuni na kufungwa, anayekikataa ataambiwa kwamba haelewi teknolojia.

Mfano unaotajwa zaidi duniani ni wa Mmarekani Alan Kay. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati kompyuta moja ilikuwa ikijaza chumba kizima na kuhudumiwa na mafundi maalumu, Kay aliwaza kompyuta ya mtoto, bapa, ya kubebwa mkononi. Alitengeneza umbo lake kwa kadibodi, akalijaza chembe za madini ya risasi ili ajue uzito upi ungekuwa mzito mno. Mwaka 1972, akiwa katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, aliandika kwa kirefu kuhusu kifaa hicho, alichokiita Dynabook. Hakikuwahi kutengenezwa kama alivyokitaka. Hata hivyo swali lililokuwa ndani ya kadibodi ile, kwamba kompyuta ingekuwaje kama mwenyewe angekuwa mtoto badala ya benki au jeshi, liliwasukuma yeye na wenzake kwenye Alto, kompyuta ya mwaka 1973 iliyokuwa na kipanya na skrini ya picha, na kutoka hapo kwenye kompyuta za mezani ambazo leo zimejaa ofisi zetu. Miongo miwili baadaye Jeff Hawkins alichonga kipande cha mbao kinachoingia mfuko wa shati, akawa anatembea nacho. Akiombwa miadi alikitoa, akajifanya anaandika juu yake kwa kijiti. Palm Pilot ilipofika madukani mwaka 1996, maswali ya ukubwa wake na ya kazi zipi ziwe karibu na kidole yalikuwa yamejibiwa na mbao.

Ninaupenda zaidi mfano wa tatu, ambao haukuzaa bidhaa yoyote. Mwaka 1992 Durrell Bishop, wa Royal College of Art jijini London, alisanifu mashine ya kupokea ujumbe wa simu ambayo kila ujumbe unaoingia unatoka kama gololi. Ukitaka kuusikiliza, unaiweka gololi kwenye kishimo chake. Ukiwa wa mtu mwingine, unamwekea pembeni. Mashine hiyo haikuuzwa, lakini wanafunzi wa usanifu wameendelea kufundishwa kwayo hadi leo, na sababu inaeleweka ukiitazama kutoka kwenye ukumbi wa nyumba ya Magomeni: ilianza na ukweli kwamba kifaa kimoja hutumiwa na watu kadhaa wanaoishi pamoja, na kwamba kumwachia mwenzako kitu chake ni jambo ambalo mkono unalijua kabla ya akili. Mita ya umeme ingeweza kusanifiwa na watu wenye wazo hilo kichwani. Ingekuwa na taa sita ndogo, moja kwa kila chumba, au kibao kinachoonyesha mchango wa kila mmoja umebaki uniti ngapi. Sisemi kwamba mita hiyo ni nzuri. Inawezekana ingeleta ugomvi mkubwa zaidi, kwa sababu kila mtu angejua mwenzake ameishiwa. Inawezekana mwenye nyumba asingeitaka. Ninachosema ni kwamba boksi moja lililopakwa rangi, likatundikwa ukumbini kwa siku chache, lingetupa majibu hayo, na wapangaji wangesema wenyewe lipi ni la siri na lipi ni la wote.

Gharama ya kuruka hatua hiyo tunayo katika historia yetu wenyewe. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka iliyofuata kazi ya hesabu za serikali ilihamishiwa kwenye mashine, na ikavurugika vibaya. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake ukapigwa marufuku, kizuizi ambacho kilikuja kulegezwa miaka ya 1980. Sababu za marufuku ile zilikuwa zaidi ya moja, na nchi ilikuwa na haki ya kulinda fedha zake za kigeni. Lakini tazama mtiririko wake: mashine ilinunuliwa nzima, ikawekwa mbele ya makarani ambao kazi yao ilikuwa haijawahi kuigizwa nayo, ikashindwa, na baada ya kushindwa uamuzi ukawa ni kuikataa yote. Tulikuwa na majibu mawili tu, ndiyo kubwa na hapana kubwa. Katikati ya hayo mawili kuna nafasi pana ya kusema "hivi hapana, lakini hivi tujaribu", na nafasi hiyo ndiyo ambayo kifaa cha dhana huifungua.

Chukua jambo lililo karibu zaidi, malipo ya Kariakoo. Mfanyabiashara anayepokea pesa kwa lipa namba ana shida inayojulikana na kila mtu: meseji ya malipo inachelewa, mteja anaonyesha skrini ya simu yake kama ushahidi, na matapeli wamejifunza kutengeneza meseji zinazofanana na za kweli. Huko India tatizo kama hili limepata jawabu. Tangu mwaka 2019 kampuni ya Paytm imekuwa ikiwapa wenye maduka kispika kidogo kinachotamka kwa sauti kiasi kilichoingia, na kampuni nyingine zikaifuata. Muuzaji haachi kazi kutazama simu. Anasikia, anaendelea kufunga mzigo. Ni kifaa kizuri, kilichosanifiwa na watu waliotazama duka kwa makini, na si ajabu mtu akashawishika kukileta Mtaa wa Msimbazi kama kilivyo, akibadilisha lugha tu.

Sasa kifikirie mahali pake. Kariakoo bei haiandikwi, inajadiliwa. Mteja wa rejareja, mteja wa jumla anayepeleka mzigo Mtwara, jirani wa miaka mingi na mgeni aliyeshuka leo kutoka Lubumbashi hawalipi kiasi kimoja kwa doti ileile ya kanga, na kila mmoja anaondoka akiamini amepata nafuu. Kispika kikitamka mbele ya wateja watatu kwamba zimeingia shilingi elfu kumi na nane, yule aliyekuwa akijadiliana kutoka elfu ishirini na tano amepewa silaha. Mazungumzo ya wauzaji na wanunuzi wa soko zima yanabadilishwa na kisanduku ambacho hakuna aliyekusudia kifanye hivyo. Kuna la pili: kutangaza mapato ya duka siku nzima kwenye mtaa wenye msongamano ni kuwaarifu vibaka. La tatu ni kelele zenyewe, maana kispika hicho kingeshindana na spika za matangazo, honi za bodaboda na wasukuma mikokoteni wanaoomba njia. Kwa hiyo pengine kifaa cha Kariakoo kisitamke kiasi hata kidogo. Pengine kitoe mlio ambao muuzaji peke yake anaujua maana yake, au kitetemeke mfukoni mwa aproni, au kiwashe taa chini ya meza, upande wa muuzaji. Na je, msaidizi wa duka asikie nini, na tajiri aliyeko ghala la pili asikie nini? Hakuna kitabu cha usanifu kutoka nje chenye majibu haya. Yako kwa wauzaji, ila hawawezi kuyatoa wakiulizwa tu kwa dodoso kama wangependa teknolojia ya malipo. Watajibu ndiyo. Majibu ya kweli yatatoka siku watakapowekewa boksi juu ya meza na likaanza kusema.

Na kuliwezesha boksi kusema hakuhitaji teknolojia kamili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa IBM walitaka kujua kama watu wangependa mashine ya kuandika inayosikiliza maneno, wakati mashine ya namna hiyo ilikuwa haiwezekani. Walimficha mpiga chapa hodari chumba kingine. Mtu anasema, maneno yanatokea mbele yake, na watafiti wanajifunza wapi anasita, wapi anakasirika, anarekebisha vipi. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1983, miaka mingi kabla ya simu kuanza kutusikiliza. Mbinu hiyohiyo inaweza kutumika leo Kariakoo kwa kispika kilichounganishwa na simu ya mwanafunzi aliyekaa duka la jirani.

Kuna wanaosema kwamba vifaa vya dhana ni matangazo yaliyovaa joho la utafiti. Pingamizi hili ni zito, na sehemu kubwa yake ni kweli. Mwaka 1987 Apple ilitoa filamu fupi ya Knowledge Navigator, yenye profesa anayezungumza na msaidizi ndani ya kompyuta, na tangu hapo kila kampuni kubwa imetoa ya kwake. Ndani ya filamu hizo vyumba ni vyeupe, mtandao haukatiki, hakuna mtu aliye na mikono yenye unga au grisi, hakuna anayeuliza gharama ya bando. Mwaka 2011 msanifu Bret Victor aliandika ukosoaji mkali wa filamu za aina hii: alilalamika kwamba wakati ujao wanaouchora ni wa kidole kuteleza juu ya kioo, ilhali mkono wa binadamu unajua kupima uzito, kusikia mkwaruzo, kukunja na kupindua. Mtu yeyote aliyemwona muuzaji wa vitenge akipapasa kitambaa ili kutofautisha pamba na bandia, au fundi simu wa Mtaa wa Aggrey akifungua skrubu kwa kuihisi kuliko kuiona, ataelewa Victor alikuwa analilia nini. Lakini ukosoaji wake haukuwataka watu waache kuwaza vifaa vya kesho. Uliwataka wawaze kwa upana zaidi. Na ungewezekanaje kama kusingekuwa na filamu ya kukosoa? Dhana mbaya iliyowekwa hadharani imefanya kazi nusu, kwa sababu imewapa wengine cha kuelekezea kidole.

Madhara yapo pale dhana inapouzwa kana kwamba ni bidhaa. Aprili 2024 kampuni ya Humane ya Marekani iliuza kifaa cha kubandika kifuani, chenye kusikiliza na kumulika maandishi kwenye kiganja, kwa dola 699. Februari 2025 huduma yake ilizimwa na sehemu kubwa ya kampuni ikanunuliwa na HP, na walionunua wakabaki na kipande kisicho na kazi. Wazo la kompyuta isiyo na skrini lilistahili kujaribiwa. Lilistahili kujaribiwa kwa mbao na mpiga chapa aliyefichwa, kabla ya kuchukua fedha za watu. Barani kwetu, hili lilionekana mapema zaidi kwa umbo jingine: Novemba 2005, mjini Tunis, Nicholas Negroponte alipoonyesha kompyuta ya dola 100 kwa ajili ya watoto wa nchi maskini, akiwa na Kofi Annan, mkono wa kompyuta hiyo wa kuzungushia umeme ulichomoka. Kompyuta zilizokuja kusambazwa hazikuwa na mkono huo, wala hazikuuzwa kwa dola 100. Kasoro ya mfano si aibu, maana ndiyo kazi ya mfano. Kosa lilikuwa kuwaahidi mawaziri wa elimu bei na tarehe kabla mwalimu mmoja wa darasa la watoto themanini hajaulizwa angeiweka wapi saa ya mapumziko.

Pingamizi la pili linanigusa zaidi, kwa sababu linatoka kwa watu wanaoijua mitaa yetu. Wanasema ndoto za mbali huwapofusha watu wasione yaliyo miguuni. Na ushahidi wanao. Mwaka 2008 Nokia, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Cambridge, walionyesha Morph, simu ya kufikirika inayojikunja na kujisafisha, ikapelekwa hadi jumba la makumbusho ya sanaa New York. Wakati huohuo wateja wao hapa Afrika Mashariki walikuwa wakitembea na laini mbili au tatu, wakibadilisha kadi kwa kucha kila wanapotaka kupiga mtandao mwingine kwa bei nafuu. Simu za laini mbili zililetwa na watengenezaji wa China, Tecno wakiwemo, wakati Nokia walitangaza yao ya kwanza mwaka 2010. Leo laini zilizosajiliwa Tanzania ni nyingi kuliko watu, na Nokia ile imepotea madukani. Je, Morph ndiyo iliyoiangusha? Sidhani. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyotoa Nokia 1100 mwaka 2003, yenye tochi na vitufe visivyoingia vumbi, iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani kwa sababu kuna waliotazama maisha ya watu wa kawaida. Kosa la Morph lilikuwa ni la nani aliyealikwa kuota. Mwaka 2007 watafiti wa Nokia, Younghee Jung na Jan Chipchase wakiwa mbele, walifungua vibanda katika makazi matatu, Dharavi mjini Mumbai, Jacarezinho mjini Rio de Janeiro na kambi ya wakimbizi ya Buduburam nchini Ghana, wakawaomba wakazi wachore simu wanayoitaka. Mamia walijitokeza. Mtu aliyeombwa kuchora simu yake ya ndoto hachori umbo tu. Anachora hofu zake, majirani zake, kazi anayoitafuta. Dar es Salaam haikuwa miongoni mwa makazi hayo matatu, na hakuna kinachotuzuia kufungua kibanda chetu wenyewe.

Wengine watasema nchi yenye shule zisizo na madawati haina fedha za kuchezea vifaa visivyofanya kazi. Jibu liko kwenye orodha ya vifaa niliyokwisha kuitaja: kadibodi, kipande cha mbao, gololi, mtu nyuma ya pazia. Maboksi ya kadibodi Kariakoo hutupwa kila jioni. Kilicho ghali ni mfumo uliokosea, kwa kuwa unalipiwa mara mbili, kwanza kwa fedha ya kuununua na halafu kwa muda wa maelfu ya watu wanaouzunguka. M-Pesa yenyewe, ambayo tunajivunia kama zao la ukanda huu, ilianza kama dhana iliyokosea. Majaribio ya mwaka 2005 nchini Kenya yaliihusu njia ya kulipia mikopo midogo. Wateja wakaitumia kutumiana pesa. Kwa kuwa yalikuwa majaribio, waliokuwa wakiyasimamia waliweza kuona hilo na kubadilika, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007, kisha ikaja Tanzania mwaka 2008, ilikuwa ya kutuma pesa nyumbani. Kama mfumo wa mikopo ungenunuliwa mzima na kufungwa nchi nzima siku ya kwanza, tungekuwa tunausikia kama mradi mmoja zaidi ulioshindwa.

Hapa Magomeni mtu anaweza kulipima jambo hili kwa kusimama kituo cha Mapipa au Usalama. Mwendokasi, mfumo wa mabasi yaendayo haraka, ulipoanza Mei 2016, kadi za kielektroniki zilikuwa sehemu ya mpango, na kwa miaka mingi abiria wakaendelea kupanga foleni dirishani kununua tiketi za karatasi. Sababu za kiutawala na za mikataba zilichangia, na sitaki kuzipuuza. Ila maswali ya matumizi pia yalikuwa pale. Mama mwenye mtoto mgongoni na kapu mkononi anaigusishaje kadi? Anayemlipia mama mkwe nauli kwa kadi yake anafanyaje? Mwenye shilingi za safari moja tu, anayepata kipato chake siku kwa siku, kwa nini afungie pesa kwenye kadi leo wakati hajui kesho atakwenda wapi? Geti la mbao na vijana wawili wa kuigiza, kituoni, asubuhi moja yenye foleni, wangeyaibua yote. Karakana ya mabasi hayo huko Jangwani inafundisha somo hilohilo kwa ukali zaidi: ilijengwa katika bonde la Msimbazi, na maji yakaingia mara kwa mara. Kila mkazi wa Magomeni anayevuka bonde lile angeweza kumweleza mchoraji maji hufika wapi, kama angeonyeshwa mchoro.

Na asiseme mtu kwamba kuwaza mbele si jadi yetu. Beda Amuli alipolisanifu Soko Kuu la Kariakoo, lililokamilika katikati ya miaka ya 1970, hakuiga soko la Ulaya. Aliinua paa kwa nguzo zenye umbo la miavuli iliyopinduliwa, zinazokusanya maji ya mvua na kuyashusha chini, akaacha hewa na mwanga vipite juu ya vichwa vya wauzaji, akachimba ghorofa ya chini ya ardhi, Shimoni, kwa ajili ya biashara. Lilikuwa wazo la wakati ujao, lililowazwa na Mtanzania kwa ajili ya jua, mvua na biashara ya mahali hapa. Moto wa Julai 2021 ulilijeruhi jengo, haukuigusa hoja iliyo ndani yake. Ajabu ni kwamba nusu karne baadaye tunasanifu majengo yetu wenyewe lakini vifaa vinavyoamua tunalipaje, tunasafirije na tunawashaje taa tunavipokea vikiwa vimefungwa kwenye nailoni.

Watu wa kuifanya kazi hii wapo. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam iko mwendo wa miguu kutoka Kariakoo. Ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Kijitonyama, na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iko jirani nayo. Tangu mwaka 2019 nchi imekuwa na mashindano ya kitaifa ya ubunifu, MAKISATU. Vijana wanaoshiriki wanajitahidi kuonyesha kitu kinachofanya kazi, na hiyo ni heshima kwao. Ningependa waandaaji waongeze tuzo ya kifaa ambacho bado hakifanyi kazi, kwa sharti moja: mbunifu athibitishe kwamba amekaa nacho sokoni, kituoni au katika nyumba ya wapangaji, na aeleze watu walimpinga wapi. Mafundi wa Kariakoo wawe miongoni mwa majaji, kwa sababu wao huona vifaa vyote vinavyokuja vikiwa vimeshindwa.

Kwa shirika la umeme, kwa Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, kwa benki na kampuni za simu, ombi ni dogo na linatekelezeka kwa bajeti ya chai ya vikao. Kabla ya zabuni ijayo ya mita, geti au kifaa cha malipo, tengenezeni mfano wa boksi, uwekeni Soko la Magomeni kwa wiki mbili, na mchapishe gazetini kila kitu ambacho watu watasema, pamoja na yale msiyoyapenda.